Hesabu ya Siku za Bahari

Baba aliponiachia hesabu ya siku, niliona ameniachia mali. Hesabu yenyewe si ngumu: unaanzia siku ya Mwaka, mwezi wa saba, unakwenda kumi kumi, na kila kumi lina upepo wake. Ilinifikia mimi kwa sababu ndugu zangu hawakuwa na subira nayo. Watu wakitaka kuvuka kwenda Tumbatu walinipigia simu kwanza. Nilivimba kichwa, sikatai.

Dada yangu aliolewa Tumbatu. Alikuja Mpendae kujifungulia kwa mama, akakaa mpaka arobaini ikatoka, na mumewe akawa anamhimiza arudi. Nikahesabu. Siku ya mia moja na kumi na tatu: upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujaingia, bahari imelala.

"Nenda kesho," nikamwambia. "Utavuka hata maji hayakurukii."

Lakini nilikuwa nimeona. Nauza kanga Mlandege, na zile ninazotundika mlangoni hunieleza upepo unatoka wapi. Ule ulikuwa mwaka wa tatu: siku ambazo kanga zilipaswa kuning'inia tu, kusi ilikuwa bado inazipiga ukutani. Redioni mtaalamu mmoja alieleza kwamba bahari imezidi joto na pepo zake hazifuati tena nyakati zake. Nikazima redio. Huyu nani wa kumsahihisha baba yangu?

Kusi iliwakuta katikati ya mkondo, mchana kweupe. Boti ikapinduka. Dada aliokolewa akiwa ameng'ang'ania dumu la mafuta. Mtoto alipatikana kesho yake.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mama aliniita uani.

"Naam, mama."

"Ulihesabu sawasawa?"

Nilihesabu sawasawa. Nilirudia mara nne. Ila nilimtazama, mwanamke aliyezika mume na sasa mjukuu, nikashindwa kumwambia kwamba alichotuachia baba hakifai kitu tena.

"Nlikosea, mama. Nliruka kumi zima."

Alilia, kisha akanisamehe. Msamaha ule unaniuma kuliko matusi yote aliyonitolea dada, na dada hakubakisha.

Sikufikiria yatakayofuata. Tangu siku hiyo hesabu anaishika mama mwenyewe, maana mimi si wa kuaminika. Anahesabu vizuri, hakosei hata siku moja, na watu sasa wanampigia yeye. Juzi alikuwa barazani na simu sikioni, akizungumza na mtu aliyetaka kumrudisha mgonjwa wake Tumbatu.

"Vukeni tu, mwanangu," alimwambia. "Bahari leo imelala."

Nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Dirisha la upande wa kusi lilikuwa linagonga tangu asubuhi. Nikainuka, nikalifunga komeo mama asilisikie.