Mume Aliyekataa Punguzo

Fundi saa huyu alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bei Moja, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwenye kibanda chake cha kioo, pale barazani mwa duka la dawa, alibandika karatasi yenye wino mwekundu: BEI NI MOJA, TUSISUMBUANE. Ukimpelekea saa iliyoingia maji, aliifungua, akabana lenzi yake jichoni, akachungulia, kisha akataja bei. Ukisema, "Punguza kidogo, fundi," aliifunga saa yako na kukurudishia bila neno. Watu walimnung'unikia, wakamsengenya, wakarudi, maana mkono wake ulikuwa haukosei.

Katika maisha yake yote alipunguza bei mara moja tu. Miaka kumi na saba iliyopita alikuja kibandani msichana mwembamba aliyekuwa akisomea ukunga, na saa ya kubandika kifuani iliyosimama saa tisa na robo. Bei Moja aliitengeneza, akakisugua kioo, akabadilisha hata pini yake, na alipoulizwa gharama akasema, "Kesho pita uniambie kama inakwenda sawasawa." Msichana akapita kesho, akapita na kesho kutwa, na mwisho wake wakaoana. Tangu hapo kichwani mwa Bei Moja kukakaa sheria ngumu kuliko ya serikali: mwanamume hampunguzii mwanamke bei ila awe amempenda. Yote yaliyompata baadaye yalitoka humo.

Yule msichana sasa ni Mama Mapacha, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipokelewa na mikono yake. Anaitwa kazini saa yoyote, na barabara ya kwenda hospitali ina mashimo ya kuzamisha mbuzi. Mara mbili pikipiki ilimwangusha kwenye tope akiwa na sare nyeupe. Baada ya kuanguka mara ya pili alitangaza kwamba atanunua gari, tena jipya, kwa sababu gari la mtu lina maradhi ya mtu. Hakutaka lile gari kubwa la mabosi. Alitaka lile dogo lililoinuka juu kidogo, linalovuka shimo bila kukwaruza tumbo na bado likapita kwenye geti lao jembamba. Miaka kumi na moja aliweka akiba.

Kwa Jumamosi tisa mfululizo alizunguka maduka matatu ya magari akilinganisha. La kwanza bei yake ilikuwa ya chini, lakini bima juu yako, na vipuri hadi viagizwe. La pili walimkaribisha kwa soda na maneno matamu, na bei haikushuka hata kidole. La tatu lilikuwa na gari alilolipenda na bei ya kumtoa mtu machozi. Lilikuwa pia na muuzaji mmoja mrefu, mcheshi, ambaye zamani, kabla ya habari za saa ya kifuani, aliwahi kupeleka posa kwa kina Mama Mapacha ikakataliwa.

Mama Mapacha hakuficha. Jioni ya Jumamosi ile ya kwanza alimwambia mumewe, "Pale duka la tatu yupo yule aliyenichumbia zamani. Nakwambia mapema usije ukasikia nje."

"Sawa," alisema Bei Moja.

Haikuwa sawa hata kidogo. Neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na halikushuka kwa maji wala kwa tonge. Simu ya mkewe ikilia katikati ya wiki, yeye anahesabu. Mara moja waliongea dakika sita na sekunde kumi, habari za matairi! Bei Moja alijiuliza ni matairi gani hayo yanayomchekesha mtu. Aliona wivu mezani, aliona wivu kazini, akauvunja mshale wa saa ya mwalimu mkuu kwa sababu ya wivu, jambo ambalo halijapata kumtokea.

Jumamosi ya kumi mkewe alimwambia avae viatu waende wote.

"Leo ndiyo leo, Baba Mapacha. Bei za mwezi huu mwisho wake saa sita mchana. Mzigo unaofuata unakuja na bei mpya. Akiba yangu inatosha nikipata punguzo la asilimia nane, pungufu ya hapo haifiki. Ikinipita leo, narudi kwenye pikipiki mwaka mzima."

"Na mimi nakuja kufanya nini?"

"Kukaa karibu yangu. Basi."

Walifika saa nne na nusu. Muuzaji alikuja mbio kutoka nyuma ya meza, mikono mbele.

"Kijiti! Karibu, karibu!"

Kijiti lilikuwa jina la utani la usichanani. Kijiti chenyewe kilikwisha kuwa mti wa kivuli, lakini Mama Mapacha alicheka na kupeana naye mkono. Bei Moja hakuhitaji kutazama saa. Sekunde nne nzima.

"Na huyu bila shaka ni shemeji," alisema muuzaji.

"Shemeji kwa upande gani?" aliuliza Bei Moja.

"Upande wowote utakaoupenda, shemeji!" Akacheka peke yake, akawapa funguo wakalijaribu gari barabarani.

Mama Mapacha alishika usukani. Muuzaji akakaa mbele kumwelekeza, ndiyo kazi yake. Bei Moja akasukumwa nyuma pamoja na makaratasi ya plastiki yaliyokuwa bado yamefunika viti, yanayolia kila anapojigeuza. Akasikiliza migongo miwili ikizungumza mambo ya gia na breki. Kwenye tuta la kwanza mkewe alipita kwa kasi, gari likaruka, wote wawili mbele wakacheka. Bei Moja aligonga kichwa, na hakuna aliyegeuka. Alitamani gari liharibike pale pale, lizimike, moshi utoke. Gari lilikuwa zima kama yai.

Waliporudi walikaa mezani, na hapo Mama Mapacha akabadilika. Alitoa karatasi za bei za yale maduka mawili, akazitandika moja baada ya nyingine. Alisema rangi ya mlango wa nyuma haiwiani na ya mbele. Alisema duka la kwanza huduma za mwaka ni bure, je, hapa wanatoa nini? Akanyamaza. Muuzaji akasema asilimia tano. Akaendelea kunyamaza, huku anamtazama kama anavyowatazama kina baba wanaopiga kelele mlangoni mwa wodi. Muuzaji akasema sita, na bima. Mama Mapacha akakusanya karatasi zake, akafunga mkoba. Muuzaji akasema saba, akafuta jasho.

Mtu mwingine angeona pale mama anafanya kazi. Bei Moja aliona mwanamume anayeyuka.

Simu ikalia kutoka wodini. Kulikuwa na mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na mkunga mdogo alitaka maelekezo. Mama Mapacha akatoka nje barazani kuongea. Wanaume wakabaki wawili, na feni.

Muuzaji akalegea kwenye kiti. "Shemeji, huyu simwezi. Akirudi mwambie nimempa nane. Tangu nianze kazi hii sijampa mtu nane."

Bei Moja alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Sijampa mtu nane! Ndiyo posa yenyewe hiyo, imerudi baada ya miaka zaidi ya kumi na saba, imevaa matairi manne. Akasimama.

"Hatutaki."

"Hamtaki nini?"

"Punguzo lako. Lote. Tuuzie kama unavyomuuzia mpita njia. Bei moja."

Muuzaji aligeukia mlango wa barazani. "Mama anajua?"

"Mimi ndiye mume wake. Andika."

Kuna wauzaji wa kila aina, ila hajazaliwa muuzaji wa kumpigia magoti mnunuzi akubali kulipa kidogo. Huyu aliuliza mara moja tena, kwa adabu, kisha akaandika. Kompyuta ikameza, mashine ikakohoa, karatasi ikatoka. Bei Moja akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza baada ya Jumamosi tisa alivuta pumzi ikafika chini.

Mama Mapacha alirudi. Mtoto amegeuka, alisema, mama yake hajambo. Akaichukua karatasi, akaisoma juu hadi chini, akarudia.

"Hii nini?"

"Nimekulindia heshima," alisema Bei Moja.

Mama Mapacha akamgeukia muuzaji. Muuzaji akainua mikono. "Shemeji alisisitiza. Na ikishaingia kwenye kompyuta, bei ya gari hili leo hairudi chini. Wakubwa wameshaiona."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Mama Mapacha alimshika mumewe kiwiko, akampeleka nyuma ya rundo la matairi mapya. Hakupaza sauti.

"Haya, nieleze."

Bei Moja akamweleza ile nane aliyoikataa, na sheria yake yote, pini na kioo na kesho upite. "Mwanamume hapunguzi bila sababu," alimaliza. "Mimi nilipunguza kwa sababu nilikupenda."

"Wewe hukupunguza, ulitoa bure! Huyu nimemng'oa moja moja, kama meno. Wiki tisa, Baba Mapacha. Natoka zamu nimechoka, naenda kusimama kwenye maduka ya watu, nabembeleza, nanuna, nacheka kisichochekesha. Nimefika nane, na wewe ukaona ni sura yangu imefanya kazi." Alipumua. "Ungeniambia unadhani namtaka, ningekusamehe mpaka tufike nyumbani. Lakini kudhani sina akili ya kupata kitu mpaka mwanamume anitamani! Hilo sijui nitalisamehe lini. Nenda karudishe ulichomwaga."

Bei Moja akaenda. Alisimama mbele ya meza ile na kusema neno ambalo yeye mwenyewe alilikataza kwa wino mwekundu.

"Ndugu yangu, tupunguzie kidogo."

"Wewe?" Muuzaji hakumcheka, afadhali angecheka. "Wewe nitakupa mazulia ya miguuni. Shemeji, nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Huyu mama anajua siku mzigo wetu unapoingia. Anajua bei ya tairi la akiba kunizidi. Anajua nikisema 'siwezi' mara ya kwanza nadanganya, na ya pili pia. Wiki ya nne nilikuwa nikimwona getini naanza kupiga hesabu upya. Kwani nyumbani hamjui?"

Bei Moja akaondoa mkono wake mezani. Aliona aibu, na chini ya aibu wivu ukamchoma upya, mkali kuliko wa mwanzo.

Nyuma yake mkewe alikuwa ameshaingia. Hakuketi. Alinyoosha kidole kwenye dirisha kubwa la mbele, ambako gari kama lile lile lilikuwa limeegeshwa kwa maonyesho, rangi yake ya papai lililoiva kupita kiasi.

"Lile limekaa pale tangu lini?"

Muuzaji akafumba macho.

"Miezi mitano," alijijibu Mama Mapacha. "Nimelihesabia mimi mwenyewe vumbi. Halimo kwenye karatasi ya mume wangu. Mtu hanunui papai, na leo ni mwisho wa mwezi. Nane, na bima, na huduma za mwaka."

"Kijiti, utaniua."

"Siui mtu. Kazi yangu ni kuzalisha."

Saa sita kasoro dakika tano alitia sahihi. Alikuwa ametaka rangi ya fedha, ameiota miaka kumi na moja, na sasa anaondoka na papai. Lakini aliondoka nalo.

Njiani mumewe alikaa mbele, magoti pamoja. Watoto wa barabarani walilishangilia gari kwa rangi yake. Bei Moja hakuwaona. Alikuwa akimfikiria yule mrefu, si kwa posa ya zamani tena, bali kwa sababu mtu baki alikuwa ameona jinsi mke wake anavyofikiri, hatua kwa hatua, wiki kwa wiki, na akamwogopa na kumheshimu; na yeye wa ndani alikuwa akihesabu sekunde. Huu ndio wivu uliokuwa na haki, na haukuwa na wa kulaumiwa ila mwenyewe.

"Ulianzaje?" aliuliza mwishowe.

"Nilianzaje nini?"

"Kumshusha. Siku ya kwanza ulimwambia nini?"

Mama Mapacha alikunja kona, akalikwepa shimo, akalivuka la pili bila kukwaruza chochote. Ilionekana anapima kama mtu huyu anastahili kujibiwa.

"Ningekusimulia kila Jumamosi," alisema. "Nilikuwa nafika nyumbani nina hamu ya kusimulia mpaka mdomo unawasha. Lakini hukuwahi kuniuliza nimefikia wapi. Uliniuliza tu alikuwepo nani."