Aliandika Futi Tano

Rafiki yangu msomaji, wewe nakuambiaga hata yale ambayo kwa jirani nayafungia mdomo, kwa hiyo na hili lipokee. Yule mzee tuliyekuwa tunamwita Makadirio amefariki. Tumemzika Jumamosi kwao Bukima, kaburi linatazama ziwa. Alikuwa yule mtu ambaye kabla jiwe la kwanza halijalazwa anapita na futi kamba yake, anapima, halafu anaandika karatasi inayosema jengo litakula nini na nini. Nilimlilia, ndiyo. Lakini zaidi nilisikia kinyaa, kama mtu aliyetiliwa samaki furu aliyechacha kwenye sahani na wenzake wote wanamwangalia ameze.

Nilimfahamu kwenye masomo ya jioni pale Nyasura. Mimi nilikuwa natoka sokoni Bunda na kanga bado inanuka dagaa, nakaa dawati la nyuma kwa aibu. Yeye alikuja kutufundisha hesabu za ujenzi, sisi akina mama na madereva wa bodaboda, na hakuwahi kutucheka hata siku moja. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama, wageni wa mahari wamesema watakuja kumi. Unasonga ugali wa watu wangapi?" Nikamjibu, kumi na tano. "Kwa nini, wakati wamesema kumi?" Nikamwambia, mzee, wewe wageni wa mahari huwajui? Darasa likacheka, naye akacheka mpaka akavua miwani. "Basi hao watano ndiyo tunawaita dharura," akasema. "Majina yao hujui, ila unajua watakula." Akatufundisha na upotevu, yaani zile tofali zinazovunjika kwenye lori kabla hazijafika, kwamba lazima uzihesabu mapema maana njia ya Murangi haimwonei mtu huruma. Akatufundisha kipimo cha muda. Hicho ni kipimo unachokiandika kwa kitu usichoweza kukiona bado, kama kina cha msingi kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba mvua ikija na kupasuka jua likiwaka. Unaandika kina kirefu, mkikuta mwamba karibu mnapunguza. "Chini ya ardhi tusijifanye tumeshafika," alikuwaga anasema.

Sasa sikiliza. Kijijini kwetu, huku upande wa Butiama, tuliamua kujenga chumba cha akina mama kujifungulia pale zahanati. Mawe na mchanga tulibeba wenyewe, kila kaya na zamu yake, mimi mwenyewe nimebeba nikiwa na homa. Makadirio akaja, akachimba mashimo manne ya kujaribia, akaandika karatasi yake. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake nikainakili yote kwenye daftari langu kama zoezi, yeye akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku ya mkutano mwenyekiti wetu akaisoma kwa sauti ya kejeli. "Msingi futi tano! Tunajenga chumba au tunachimba kisima? Upotevu! Yaani tofali hata hazijafyatuliwa, yeye ameshazipoteza. Na hii dharura ni ya nani? Jamani, huyu mzee ameshajitengea nyama yake kabla ng'ombe hajachinjwa!" Watu wakaangua kicheko. Nikasimama nikaanza kueleza habari ya wageni wa mahari. Mwenyekiti akanikata, "Mama, kaa chini. Jengo siyo jiko." Nikakaa. Wakafuta dharura, wakafuta upotevu, futi tano wakaiandika tatu. Mzee akakunja futi kamba yake akasema polepole, "Mmefuta kwenye karatasi, waheshimiwa. Udongo haujasikia." Kuanzia siku ile akaitwa mwizi, na kazi za vijiji vya jirani zikamkimbia.

Tukajenga hivyo hivyo. Mvua mbili tu, ukuta ukapasuka kuanzia dirishani mpaka chini, mkono wangu ulipita. Akina mama wamerudishwa kwenye kile chumba cha zamani cha zahanati, wanajifungua huku nyuma ya pazia watu wanasubiri sindano. Na unajua kamati ilisema nini? Ilisema makadirio yalikuwa ya yule mzee. Kweli jina lake lilikuwa juu ya karatasi, walichofuta kikawa hakina mwenyewe. Daftari lilikuwa kwangu, chini ya kitenge sandukuni, na nikanyamaza. Asubuhi nakwenda ibada, jioni nasali rozari, amri ya kutoshuhudia uongo naijua kwa moyo, na nikanyamaza. Kwa hiyo kinyaa ninachokusimulia usidhani kimeishia kwa wenzangu. Kuna ukimya unaonuka kuliko uongo wenyewe.

Msibani mwenyekiti akapewa nafasi ya kusema. Akamwita marehemu nguzo ya maendeleo, mtu wa vipimo. Kisha akainamisha kichwa, "Na lile kosa la msingi, ndugu zangu, tumeshamsamehe." Amemsamehe! Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, nikaona mabega yake yanashuka kama amepigwa. Hapo nikasimama. Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba, nilitaka nimpe mjane kimyakimya baada ya mazishi, maana ndivyo waoga tunavyofanyaga mambo mema.

"Mama, huu siyo wakati wake," mwenyekiti akaniambia.

"Wakati wake ulikuwa ule mkutano, mheshimiwa. Ukaniambia nikae."

Nikapiga magoti karibu na mjane, nikafungua, nikasoma kwa sauti kila mstari, msingi, upotevu, dharura, na alama zake nyekundu nikazionyesha. Hakuna aliyecheka safari hii. Mjane akaweka kidole juu ya ile kalamu nyekundu akasema, "Mwandiko wake huu. Soma tena hapo kwenye futi." Nikasoma tena. Akaniambia nisome tena, kwa nguvu, ili na waliokaa nje kwenye turubai wasikie.

Mimi nimejifunza nikiwa nimechelewa. Anayejua maana ya neno na akakubali lifutwe mbele yake, naye ameshika kifutio. Chumba bado kimepasuka, na kamati inasema itajenga upya. Safari hii sitakaa chini. Ila wewe naomba kitu kimoja. Huko Musoma uliko, au Bunda, au kijiji chochote ambacho watu wanabeba mawe kichwani, utasikia watu wakisema kuna mzee wa Bukima alikosea msingi wa chumba cha wazazi. Usiwaache wamalize. Waambie, na wao wakawaambie wengine, kwamba mzee aliandika futi tano.