Taa za gari zilififia, nyumbani wakasema ni macho ya Baba

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Uzi huu ni wa gari, ingawa mtaona unapoelekea. Sijaongeza chumvi. Haya mambo niliyashika kwa mikono yangu mpaka kucha zikajaa grisi.

Mnijue kwanza. Mimi ni dada, kazi yangu ni kufunga na kutengeneza sola pale Birere. Baba yangu analima viazi na kabichi kule Kibumba, ila analala huku mjini. Ana Toyota moja nyeupe ya zamani, anaipenda kuliko sisi watoto wake. Tumeshazoea.

Sasa tatizo.

Akirudi kutoka shamba jioni, Baba alikuwa anasema taa za mbele zinafifia njiani, na zile za dashibodi zinazimika kabisa, haoni hata mshale wa spidi. Baada ya muda zinarudi zenyewe.

Kaka yangu mkubwa, Innocent, akaichukua gari. Akawasha taa uani, akazunguka mtaa, zikawaka safi. Akampelekea fundi. Fundi akabadilisha balbu na fyuzi, akasema gari haina ugonjwa.

Jioni iliyofuata, Baba akarudi na malalamiko yale yale.

Innocent akaniambia, "Dada, gari haina kitu. Ni macho ya muzee. Tumunyang'anye funguo kabla hajaua mutu."

Hakujua Baba yuko mlangoni.

Baba aliyasikia yote, akapita kwenda chumbani kwake. Tangu siku ile akaacha kabisa kuzungumzia taa. Anarudi, anapaki, anaingia ndani. Ule ukimya uliniogopesha kuliko taa zenyewe.

Lakini wakuu, kuna kitu kilinikera kichwani. Kama ni macho, kwa nini mwanga upotee mbele na kwenye dashibodi kwa wakati mmoja, halafu urudi ghafla? Macho yanazeeka polepole. Hayazimiki na kuwaka.

Nikamwomba Baba tuende wote shamba.

Tunarudi jua linazama, ukungu umeshuka. Tukaingia kile kipande kibovu cha mawe ya volkano, gari ikatikisika vibaya. Kabla hatujafika Kanyaruchinya, dashibodi ikawa giza. Mbele, mwanga ukawa mwekundu kama wa tochi inayoishiwa betri.

"Papa, nimeona! Imezimika!"

Akageuka. "Umeona kweli, binti yangu?"

"Nimeona kabisa."

Akavuta pumzi ndefu. "Asante Mungu. Nilikuwa nawaza ni mimi naanza kupotea."

Jumapili, baada ya misa, tukafungua boneti uani. Tuliwasha taa na injini, zikawaka vizuri kama kawaida yake ya kutuaibisha. Nikamwambia Baba akanyage breki huku mimi naitikisa gari kwa mbele.

Hapo ikajisaliti. Taa zikashuka, na mshale wa taa ya kukata kona ukaanza kuwaka kwa mbali kwenye dashibodi, na hakuna aliyeugusa!

Wakuu, kwenye sola nimeshaona kitu kama hicho. Umeme ukitoka betri lazima urudi betri. Njia yake ya kurudi ikiwa mbovu, unapitia mlango wa jirani, ndiyo unaona taa isiyohusika inawaka. Njia hiyo ya kurudi huku kwetu tunaiita masse: waya unaounganisha hasi ya betri na bodi ya gari.

Nikachukua kebo nene ya kuazimishana moto wa betri. Upande mmoja nikaubana kwenye hasi, mwingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Taa zikapanda papo hapo. Nikaitoa, nikatikisa, zikashuka. Nikairudisha, zikapanda. Nilirudia kama mtoto mwenye kidude kipya, na Baba anacheka.

Kumbe bawa la mbele, lile bati la juu ya tairi, liliwahi kunyooshwa na kupakwa rangi, na aliyerudisha ule waya aliufunga juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Nadhani ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu, na barabara ikitikisa, unakosa pa kushika. Wataalamu mnisahihishe.

Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi. Basi. Balbu na fyuzi hazikuwa na kosa.

Jumatatu jioni tukarudi barabara ile ile, safari hii na Innocent nyuma. Mawe yakatutikisa, taa hazikutetemeka. Innocent akasema kwa sauti ndogo, "Papa, unisamehe."

Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Mbele kidogo Baba akapunguza mwendo, akasimama kando. Akakaa na mikono kwenye usukani.

"Ule mama mwenye kubeba kuni, mulimuona?"

Tukasema tulimwona. Alikuwa kandokando ya barabara, tangu mbali.

"Mimi nimemuona tu akiwa hapa," akagusa kioo cha mlango wake. Kisha akasema: "Siku zote nilikuwa nasema ni mataa. Sasa mataa iko muzuri."

Akazima gari, akashuka, akazunguka upande wangu, akaniwekea funguo mkononi.

Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anangojea upasuaji. Kwa sasa dereva ni mimi, na yeye kiti cha pembeni ananifundisha gia ninazozijua.

Nilichojifunza: taa zikififia pamoja, angalia masse kabla ya kununua chochote. Na kuhusu wazee, tafuta ukweli wote kabla ya kuhukumu. Gari iliugua na macho yaliugua. Tungemnyang'anya funguo siku ile, Baba angekufa akiamini watoto wake walimwonea kwa sababu ya bolti moja. Lakini alizitoa mwenyewe.

Karibuni, mafundi mnikosoe. Na wewe ambaye mzee wako bado anashika usukani, ulianzaje kuzungumza naye?