Nilivyoegemeza Bunduki Magara

Mdachi wa boma alinipa bunduki nimuue kiboko aliyekuwa akila mihogo ya mama mkwe wangu. Nami, kwa majivuno, nilimwambia mama mkwe: shabaha ni kupata egemeo zuri.

Alfajiri ile ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, ufukwe wa Magara ukawa kama ndotoni. Nikaona mtumbwi umepinduliwa mchangani, nikalaza bunduki juu yake. Ikatulia tuli. Punde nikasikia mkoromo mzito.

"Yuko karibu," nikamnong'oneza mama mkwe, aliyekuwa amechuchumaa nyuma yangu.

Mkoromo ukazidi, bunduki ikatetemeka. Nikalenga ukunguni.

Mtumbwi ukainuka. Mvuvi aliyekuwa amevua usiku kucha akatoa kichwa chini yake.

"Amahoro, amani kaka. Kiboko yako ni miye. Niache nilale."