Risasi Zilizoegemea Upande Mmoja

Akinisi alikuwa fundi wa buti za ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya baridi, na mshono wake haukupitisha maji. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Lakini tangu dubu mweupe alipomuua kaka yake Juanasi kule barafu inapopakana na bahari, watu waliacha kuzungumza habari za mshono wake. Walizungumzia woga wa kaka yake.

Kwani bunduki ya Juanasi ilikutwa haijapigwa hata mara moja. Ilikuwa ile bunduki kuukuu ya jeshi, ya kitako cha mbao, waliyogawiwa wanaume wengi wa pwani ile wakaivalisha kamba na vibandiko mpaka ikawa yao. Mzee Qalingu ndiye aliyemkuta, akamleta kwenye sleji, gari la kuburutwa juu ya barafu, amefunikwa, glovu mikononi.

"Alimpigia dubu magoti," Putulik alikuwa akisema dukani, watu wakiteta na kucheka. "Labda alikuwa anamsomea sala!"

Putulik alikuwa shemeji wa marehemu, na shemeji ana ruhusa ya kutania. Lakini utani una mwisho wake, na ule haukuisha.

Basi Akinisi akachukua bunduki ya marehemu, akaenda kwa mzee Qalingu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, kaka yake aliganda kwa hofu, au chuma ndicho kilichomsaliti?

"Nifundishe kuijaza risasi kwa kibanio," alisema.

"Mama, wewe una sindano yako." Mzee alimwita mama, maana Akinisi alipozaliwa alipewa jina la marehemu mama wa mzee huyo, na huko jina likishakukalia, heshima yake unaibeba nayo. "Ukitaka kuwinda, tia risasi moja moja kama baba yako."

"Juanasi alitumia kibanio."

"Nenda nyumbani, mama. Chai yako inapoa."

Alirudi mara nyingi, na kila mara mzee alikuwa na nyavu za kushona au meno yanayouma. Mwishowe Akinisi akamwambia, "Mwanangu, mama yako anakuagiza." Hapo mzee akashusha pumzi, akatoka naye nje hadi nyuma ya banda, kwa kuwa bunduki ya baridi haiingizwi kwenye joto, isije ikashika unyevu.

Akampa kibanio, kipande cha bati kilichokunjwa kingo, kinachobana risasi tano. Akamwonyesha namna ya kukisimamisha juu ya bunduki iliyofunguliwa, halafu kusukuma kwa dole gumba, risasi zote zishuke pamoja.

"Safarini bunduki ni tupu, unajua. Sleji inaruka-ruka, hatutaki mtu apigwe mgongoni. Kwa hiyo adui akitokea, kibanio ndicho uhai wako."

Akinisi akasukuma. Zikashuka, kacha! Akacheka kidogo, akajishangaa kucheka.

"Sasa panga mwenyewe," mzee alisema, akatazama pembeni.

Alichukua risasi, akazipanga upesi kwa vidole vilivyozoea. Kila risasi ina ukingo kitakoni. Yeye alilaza kila ukingo juu ya mwenzake, zote zikiegemea upande mmoja, safi kama mshono wa buti. Akasimamisha, akasukuma. Zikashuka vizuri.

"Tena," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Lakini geuza kibanio, upande wa chini uwe juu."

Akageuza. Akasukuma. Mbili ziliingia, tatu zikakwama, ukingo umeng'ang'ania ukingo, na bunduki ikakataa kufungika ipigwe. Akasukuma mpaka ngozi ya dole gumba ikachanika.

"Hupangwa moja chini, moja juu, moja chini," mzee alisema. "Hivyo, hata mkono ukikigeuza kwa haraka, haidhuru. Zikiegemea upande mmoja, ni bahati nasibu."

Akinisi aliiona akilini meza yake ya jikoni, na Juanasi akinywa chai, akimwambia, "Dada, wewe una vidole. Nipangie basi." Naye alipanga. Juanasi alijaribu kibanio kimoja mlangoni, kikapita, akamsifu.

"Ulijua," alimwambia mzee.

"Nilikuta mbili zimeingia, tatu zimekwama. Mpangilio ule ni wa mshonaji, si wa mwindaji. Na dole gumba lake, mama... lilikuwa limechubuka hadi mfupa. Ndiyo maana nilimvisha glovu."

"Ukawaacha wamwite mwoga!"

"Marehemu haumwi na maneno. Wewe ungeumwa kila siku. Ningemfanyia hivyo mama yangu?"

Akinisi alitaka kumlaani, akashindwa. Alirudi nyumbani na kibanio mfukoni.

Muda si mrefu mtu akapata sili, watu wakakusanyika kumla sakafuni, kila mmoja na kisu chake. Putulik akaanza: "Mpeni Akinisi ini, lile fungu la shujaa wetu wa sala!"

Wakacheka. Akinisi akafuta mikono, akaweka kibanio juu ya kadibodi iliyotandikwa chini ya nyama, katikati ya damu, risasi zake zimeegemea upande mmoja.

"Kaka yangu alisukuma chuma hiki mpaka nyama ya dole ikaisha, dubu akimjia," alisema. "Hakupiga magoti. Kilikwama kwa sababu mimi ndiye niliyekipanga. Mnataka kucheka? Nichekeni mimi."

Putulik alikata kipande kikubwa cha ini, akamsogezea bila kuinua macho. Mzee Qalingu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekosea.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja Juanasi kwa ubaya. Na wawindaji, kwa adabu kubwa kabisa, wakaanza kupeleka ngozi zao za buti kwa fundi mwingine.