Redio Mbili za Mama

Mtaani walimwita Koleo, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa fundi redio, mwanamke wa maneno machache na mkono usiotetemeka, na chombo kikishalala mezani kwake kilikuwa hakina ujanja, lazima kipone. Ila alikuwa na lake moja: mbwembwe hakuzivumilia. Vitaa vya kumetameta alivikata, vimuziki vya kuwashia alivinyofoa, ati vinamaliza betri bure. Mteja akilalamika kwamba tochi yake zamani ilikuwa inalia vizuri ikibonyezwa, Koleo alimtazama juu ya miwani.

"Inawaka, haiwaki?"

"Inawaka."

"Haya, kwaheri."

Aliishi na mama yake, mjane ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Koleo ndiye aliyemwogesha, akampikia, akampa dawa kwa wakati. Akamtengenezea na redio kwa mikono yake mwenyewe: sanduku la mbao, sauti ya kufika hadi jikoni, kitufe kimoja tu cha kuwasha na kuzima. Stesheni ya habari aliifunga hukohuko ndani, mama asihangaike kutafuta. Mama alishukuru, kama alivyozoea kushukuru akipewa dawa.

Kisha mdogo wake Koleo, kitindamimba aliyeolewa mbali na ambaye huja kumwona mama akijisikia, akatuma kifurushi. Ndani mlikuwa na redio ndogo nyekundu ya plastiki, nyepesi kama kiberiti, yenye gurudumu la kutafutia stesheni. Ukilizungusha linalia tik, tik, tik, na kitaa kinageuka kutoka kijani hadi rangi ya chungwa. Mama alizungusha mara moja akaguna. Alipozungusha tena akacheka, kicheko chenyewe hasa cha kuonyesha fizi, ambacho Koleo hakuwa amekisikia tangu baba yao afariki.

Roho ilimuuma, tusidanganyane. Alikwenda jikoni akakatakata vitunguu kama vimemtukana, na macho yalipomwiva akavisingizia vitunguu hivyo hivyo. "Mwenzangu hajamwosha mama hata kidole," alinong'ona, "leo kaleta kopo la plastiki, anachekewa!" Tangu siku hiyo redio ya mbao ilikaa rafuni imenuna, sawasawa na mwenyewe aliyeiunda. Kila tik iliyotoka chumbani ilimchoma.

Kwa hiyo redio nyekundu ilipozima ghafla na mama akamkabidhi aitazame, Koleo alifurahi. Alifurahi waziwazi, mpaka akajionea haya. Aliifungua akaona waya mmoja umeachia. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini bisibisi yake haikutulia. Ikaendelea kuchokonoa hadi chini ya gurudumu, ikakuta springi nyembamba na gololi ndogo inayorukia kwenye vishimo. Koleo alivitafutia kazi hakuiona. Stesheni ingeshika vizuri tu bila vikolokolo hivyo. Kumbe mtu fulani huko kiwandani, asiyemjua mama wala miguu yake, alikaa chini akafikiria kidole cha mwenzake kitafurahi vipi. Koleo akamwonea wivu na huyo pia.

Akairudisha mifuniko bila kugusa waya.

"Imekufa, mama."

"Haitengenezeki?"

"Haitengenezeki."

"Basi. Ukishasema wewe, mwanangu, nani atabisha?"

Heri angebisha. Jioni Koleo alipomletea chai, redio ya mbao ilikuwa inasoma habari kwa sauti safi, na mama hasikilizi hata neno. Alikuwa ameipakata ile nyekundu, maiti kabisa, anazungusha gurudumu polepole. Tik. Tik. Kitaa hakikuwaka. Mama hakucheka, ila hakuiacha.

Koleo aliiweka chai chini, akaichukua ile redio nyekundu, akaenda nayo mezani kwake. Alipoirudisha ilikuwa inaimba.

Mama akamtazama. "Si ulisema imekufa?"

"Nilikosea."

"Wewe? Kwenye redio?" Mama alimkazia macho, kisha uso ukamlegea. "Wivu huo. Ndivyo ulivyoficha mdoli wa mdogo wako, ukasema umeliwa na panya."

Koleo alitaka kukana, akaghairi. "Mimi ndiye ninayekuhudumia, mama. Kila siku. Mbona hujawahi kunichekea mimi hivyo?"

"Umewahi kukaa?" mama akamuuliza. "Unanilisha umesimama, unanipa dawa umesimama, huyo umeondoka. Hebu njoo hapa."

Koleo akakaa ukingoni mwa kitanda, akiwa bado na bisibisi mkononi. Mama akampokonya, akamshika kidole na kukiweka juu ya gurudumu. Koleo akazungusha. Tik. Kitu kidogo kilimgonga kidoleni, laini, kama mtu anayemwita. Akazungusha tena.

"Lete, zamu yangu," mama akasema.

"Ngoja kwanza, mama," Koleo akajibu, na redio hakuitoa.