Baba Alivyoongoza Kijiji cha Ujamaa Bila Kura za Kutosha

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Jana hapa kijiweni Manundu, redio ilitangaza kwamba nchi fulani ya Ulaya imepata waziri mkuu ambaye chama chake hakikufikisha nusu ya viti bungeni. Vijana wakaangua kicheko. "Serikali hiyo haifiki Ijumaa," mmoja akasema.

Nilimaliza kahawa yangu. Serikali ya aina hiyo nimeishi ndani yake, tena huko Handeni, na mkuu wake alikuwa baba yangu mzazi. Nayasimulia kama nilivyoyaona, chumvi nimeiacha jikoni.

Ni enzi za Ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Kwamsisi, mimi kijana wa jembe, sijaoa. Chama nchini kilikuwa kimoja, lakini kamati ya kijiji chetu ilikuwa na pande tatu.

Wajumbe walikuwa kumi na mmoja. Watano walikuwa wa Baba. Hawa walitaka kiangazi kile tuchimbe lambo, maana wanawake walikuwa wanafuata maji mbali mno. Mama yangu aliondoka na ndoo kabla hakujapambazuka akarudi jua limewaka, shingo imekakamaa. Nilikuwa naumia kumwona.

Wanne walikuwa wa Mzee Mhando. Yeye alitaka nguvu zote ziende kwenye shamba la pamba kwanza. Hakuwa mtu mbaya, ila ubishi alizaliwa nao.

Wawili waliobaki walitoka kwa waliokuwa vibarua wa mkonge kule Korogwe. Wakristo, makabila mchanganyiko. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kasanda, Mnyamwezi.

Sasa pigeni hesabu. Watano ni wengi kuliko wanne, kwa hiyo Baba akapata uenyekiti. Lakini Mhando akiungana na Kasanda wanakuwa sita, na Baba hana chake.

Baba akamwita Kasanda, akampa ukuu wa mashamba. Kasanda akaukataa!

"Cheo chako sikitaki, Mwenyekiti. Nikikichukua, ukikosea nitanyamaza. Mimi nitakuunga mkono kwenye lambo, na sitakuangusha. Mengine nitakupinga mchana kweupe. Ila kazi ya kijiji isiwe Jumapili, watu wangu wanasali."

Baba akakubali. Wakuu, huko kwenye mabunge ya wenzetu mambo huenda hivyo hivyo. Chama kidogo hakiingii serikalini, kinaahidi tu kura kwenye bajeti na kutomwondoa mkubwa, nacho kinapewa jambo lake. Yaliyobaki, kila hoja inaombewa kura upya.

Mambo yakaenda vizuri. Kuna siku Baba alishindwa kura ya kuongeza zamu za ulinzi, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Lambo lilikuwa linachimbwa, hakuwa na neno.

Shida ikaja mawingu yalipoanza kujikusanya na lambo halijaisha. Baba akaitisha kazi Jumapili. "Mara moja tu," akasema.

Hapa niwaeleze vijana. Sisi ni Wazigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Kasanda alikuwa akiingia kwetu bila hodi, anamwita Baba mtumwa wake, anakaa kwenye sinia na kumega ugali wa watu. Ndiyo utani wenyewe, na ukimkasirikia mtani wako, wewe ndiye mwenye kosa.

Jioni ya Jumapili ile Kasanda akaja. "Mwenyekiti, ukiitisha kazi Jumapili tena, kikao kijacho unaanguka."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtumwa wangu leo kaamka vibaya!"

Kasanda alipoondoka, Mama akamwita Baba kwa jina la dada yangu, "Baba Zubeda, yule hatanii."

"Umejuaje?"

"Ugali ulikuwa mbele yake na hakuugusa. Mtani gani anaacha ugali wa bure?"

Baba akapuuza. Jumapili iliyofuata, kazi tena.

Kikao kikaja, hadharani kama kawaida. Mhando akasimama, akataka mwenyekiti abadilishwe. Mikono minne juu. Kisha Kasanda akaunyanyua wake taratibu, ukaishia usawa wa sikio, na mwenzake hivyo hivyo. Mama alikuwa nyuma na wanawake wenzake, kashika kanga mdomoni. Lambo lote lilikuwa linaning'inia kwenye mikono ile miwili.

Baba akaelewa. Akasimama mbele ya kijiji kizima.

"Mtani wangu, nilidhani unanitania. Nimevunja ahadi. Jumapili ni yenu. Nitozeni faini."

Kasanda akashusha mkono, na mwenzake pia.

"Faini yako: Jumapili ijayo uchimbe peke yako, sisi tukienda kusali tupite tukuzomee."

Kijiji kilipasuka kwa kicheko. Mhando akabaki na mikono yake minne.

Jumapili Baba akaenda kweli. Waumini wakapita wanaimba, Kasanda anaongoza kuzomea. Mimi nilikuwa kando natazama, nimekatazwa kugusa jembe. Mara nikamwona Mhando anakuja, jembe begani, anashuka lamboni bila salamu.

"Umekuja kunicheka?" Baba akauliza.

"Nilitaka kiti chako, sikutaka mke wangu afe kiu. Sogea huko, unachimba kama unapalilia bamia."

Tulilimaliza Jumamosi iliyofuata, mvua ikaja, likajaa. Siku ya kwanza Mama alirudi na maji uji haujachemka. Akatua ndoo, akakaa, akaanza kucheka peke yake. Sijawahi kusikia kicheko kitamu kama kile.

Somo nililopata: mwenye kura chache anaweza kuongoza vizuri tu, mradi asiache kuwasikiliza waliomshikilia. Baba angekuwa na wajumbe wanane, asingemwomba mtu msamaha, na wale wenzetu wangekosa Jumapili yao mpaka leo.

Haya, uwanja ni wenu, bisheni mtakavyo. Na Wanyamwezi mliomo humu, matusi yenu nayapokea kwa mikono miwili, ila kwanza mniambie kama mmeshakula.